Kupima kaboni kwenye luseni: ringi, kwato na tone moja la bureti

Ukiona ripoti inasema shamba la mchanga huku Kanda ya Ziwa limeongeza tani kadhaa za kaboni kwa miaka mitatu, usikimbilie kuuliza maabara ipi ilipima. Uliza walichimba mwezi gani, ng'ombe walikuwa wameshapita kwenye mabua au bado, na sampuli ya awamu ya pili ilitoka hatua ngapi kutoka shimo la awamu ya kwanza. Kosa la maabara lina kipimo, na fundi mzuri anakijua. Kosa la kuchimba haliandikwi popote, na kwenye udongo wetu linaweza kuizidi kaboni yenyewe inayotafutwa.

Haya yanawahusu wanafunzi wanaotumwa shambani na kekee (chombo cha kuzungusha cha kutobolea udongo) kwa mara ya kwanza, maafisa ugani wanaoombwa "kusaidia kuchukua udongo kidogo", na mkulima yeyote aliyekwisha kuambiwa kwamba ardhi yake ina pesa ya hewa ukaa, yaani atalipwa kwa kaboni inayobaki udongoni.

Unasimama juu ya udongo gani?

Mashamba mengi ya Misungwi, Magu, Kwimba na Sengerema yamelala juu ya udongo uliotokana na itale, mawe yaleyale yanayoipa Mwanza jina la Jiji la Miamba. Wasukuma walikwisha kuugawa udongo huu zamani, na mgao wao unafaa kuliko ramani nyingi. Juu, miguuni pa miamba, kuna luseni: mchanga mwepesi wa mihogo, viazi vitamu, karanga na pamba. Ukishuka unakutana na itogolo, wenye tabaka gumu chini lisilopitisha maji, ndiyo maana majaruba ya mpunga yako huko. Bondeni ni mbuga, udongo mweusi wa mfinyanzi unaopasuka kiangazi hadi mguu wa mbuzi unazama. Sehemu nyingine kuna ibushi, wenye chokaa ndani.

Mpangilio huu wa kutoka kilimani hadi bondeni, kila udongo ukishikana na mwenzake kama pingu za mnyororo, ndio Geoffrey Milne aliouandika miaka ya 1930 akiwa kituo cha utafiti cha Amani, huko Usambara. Aliuita katena, neno la Kilatini lenye maana ya mnyororo, na vitabu vya udongo duniani kote bado vinalitumia. Anayepima kaboni bila kuangalia yuko pingu ya ngapi amekosea kabla hajachimba. Ukilinganisha ngitili (malisho yaliyotengwa na kupumzishwa) ya mlimani na shamba la mahindi lililo hatua mia mbili chini yake, unachopima ni tofauti ya luseni na itogolo, halafu unaipa ngitili sifa au lawama isiyo yake. Linganisha luseni na luseni, mteremko uleule, kina kilekile cha mchanga juu ya mwamba.

Hapa nitakaa na luseni, kwa sababu ndiko wakulima wengi waliko na ndiko hesabu inakosewa zaidi.

Pungufu ya mfuko wa saruji

Tani za kaboni kwa hekta zinapatikana kwa kuzidisha asilimia ya kaboni, uzito wa ujazo wa udongo (gramu kwa sentimita moja ya ujazo) na kina kwa sentimita. Luseni ikiwa na kaboni asilimia 0.6, uzito wa ujazo 1.5 na kina cha sentimita 30, unapata 0.6 × 1.5 × 30 = tani 27. Ukitaka hewa ukaa, zidisha kwa 3.67, yaani 44 gawanya kwa 12, upate tani 99. Ukikuta ripoti imechanganya namba hizi mbili, kaboni na hewa ukaa, kwenye jedwali moja, iweke pembeni.

Mwaka 2015, kwenye mkutano wa tabianchi wa Paris, Ufaransa ilizindua mpango wa "4 kwa 1000": kaboni ya udongo iongezeke kwa sehemu nne kwa kila elfu kila mwaka. Kwa luseni yetu ya tani 27 hiyo ni kilo 108 kwa hekta kwa mwaka, au kilo 44 kwa ekari. Udongo wa ekari hiyo hadi sentimita 30 una uzito wa tani 1,800 na ushee. Chukua basi pungufu ya mfuko mmoja wa saruji, uchanganye kwenye tani 1,800 za mchanga, halafu mtu aje na kijiko aseme kama kuna kilichoongezeka.

Kwa asilimia, hiyo ni nyongeza ya 0.0024 kwa mwaka. Baada ya miaka mitano ni 0.012. Mashimo mawili yaliyoachana mita tatu ndani ya shamba moja yanaweza kutofautiana mara kumi ya hiyo bila sababu yoyote ya maana: moja limeangukia palipokuwa na rundo la samadi, jingine kwenye njia ya mbuzi.

Tuchukulie tofauti kati ya mashimo shambani (ule mchepuko sanifu wa wanatakwimu) ni 0.15. Kuona badiliko la 0.05 kwa uhakika unaokubalika kitaalamu unahitaji mashimo 140 hivi kila awamu. Badiliko la 0.05 lenyewe ni tani 2.25 kwa hekta, ambazo kwa mwendo wa 4 kwa 1000 zinachukua miaka kama 21. Mradi wa miaka mitatu wenye mashimo kumi kwa kijiji hauwezi kuliona badiliko hilo hata likiwepo.

Njia ya kupunguza mashimo ni kurudi palepale. Ukilinganisha kila shimo na jirani yake wa zamani, mita moja pembeni, tofauti za shamba zima zinafutana. Mchepuko wa tofauti hizo ukishuka hadi 0.10, mashimo 32 hivi yanatosha kuona 0.05 ileile. Ila GPS ya simu inakosea mita tano na zaidi, na mita tano kwenye luseni ni safari. Nguzo za chuma hazidumu, mnunua vyuma chakavu hatakuacha. Mwanza tuna kitu bora: miamba. Chagua mawe mawili makubwa yasiyohamishika, tia alama ya patasi kwenye kila moja, nyoosha futi ya kamba kutoka kila alama hadi kwenye shimo, andika urefu wote wawili na upande uliopo shimo. Miaka kumi baadaye mtu mwingine ataupata uleule mraba wa mita moja. Jiwe likiwa kwenye eneo la wapasua kokoto, tafuta jingine.

Kuchimba

Kwanza, pa kutochimba. Ruka kichuguu na mita kadhaa kukizunguka, ruka chini ya mwembe, ruka kingo za matuta ya zamani. Hatari zaidi ni mahame na mazizi yaliyohamishwa. Kaya nyingi Usukumani zilihamishwa wakati wa vijiji vya ujamaa miaka ya 1970, na palipokuwa na nyumba, jalala na zizi pakalimwa. Leo juu hapaonekani kitu, ila mahindi ya pale yana kijani cha peke yake, na chini kuna majivu, mkaa na samadi ya miaka. Shimo moja likiangukia hame linaweza kupandisha wastani wa shamba zima. Wazee wanajua mahame yako wapi. Waulize kabla ya kuchora ramani ya mashimo, na hame lipimwe peke yake kama eneo lake.

Luseni kavu haishikiki na kekee. Unazungusha, unainua, mchanga unamwagika kama sukari kutoka mfuko uliotoboka. Ukirudisha kekee, inakokota udongo mweusi wa juu kutoka kwenye kuta za shimo na kuupeleka chini, kisha maabara inakuambia kaboni imefika chini hadi sentimita 40. Chimba udongo ukiwa na unyevu: siku mbili tatu baada ya mvua, au mwisho wa Mei kuingia Juni mvua zinapokatika. Ukilazimika kuchimba Agosti, mimina ndoo moja ya maji taratibu pale mahali, funika kwa gunia, rudi kesho yake asubuhi. Kwenye mbuga shida inageuka: ikikauka inapasuka na udongo wa juu unatumbukia kwenye nyufa, ikilowa sana inang'ang'ania chuma. Hapo pia subiri unyevu wa wastani, na awamu zote mbili ziwe na unyevu unaokaribiana, maana mfinyanzi ule unavimba na kusinyaa na uzito wa ujazo unabadilika nao.

Fagia majani na mabua juu ya ardhi bila kukwangua udongo. Chukua matabaka ya 0–10, 10–20, 20–30 na 30–40. Kipande cha mwisho wengi wanakiacha kwa uvivu, na ndicho kitakachokuokoa kwenye hesabu ya kwato hapa chini. Tabaka la 0–10 peke yake ni mtego mwingine: ukiacha kulima kwa jembe la ng'ombe, mabaki yanabaki juu na kaboni inajikusanya pale, wakati chini, ambako jembe lilikuwa linafukia, inapungua. Ukipima juu tu umeona faida, ukipima hadi 40 mara nyingi faida inayeyuka.

Kwa uzito wa ujazo, ringi ya chuma yenye kipenyo cha ndani cha sentimita 5 na urefu wa sentimita 5 inabeba sentimita za ujazo 98.2. Fundi wa kuchomelea anaweza kukata kipande cha bomba la inchi mbili, ila kipime kwa kalipa, usiamini jina la bomba, na makali yanolewe upande wa nje. Makali ya ndani yanausukuma udongo kuelekea katikati na kuukandamiza. Weka kibao juu ya ringi, gonga kwa nyundo ya mbao pigo dogodogo. Ikizama sawa na ardhi, angalia: udongo wa ndani uko usawa mmoja na wa nje? Ukiwa umeshuka, umeukandamiza, tupa, sogea, anza upya. Usiivute ringi kwenda juu, luseni itabaki chini. Chimba pembeni, pitisha panga bapa chini yake, inua vyote kwa pamoja, geuza, kata kilichozidi kwa kisu. Baada ya saa 24 kwenye oveni ya nyuzi 105, luseni ya uzito wa ujazo 1.5 iliyomo humo itakuwa na gramu 147. Gramu kumi pungufu maana yake ni 1.4, na kwenye hesabu yetu ya juu hiyo ni karibu tani mbili za kaboni kwa hekta zimepotea kwenye ncha ya kisu.

Kwato

Hili ndilo kosa ninaloliona kubwa kuliko yote kwenye miradi ya ukanda huu, nalo linafanywa na watu makini kabisa.

Awamu ya kwanza imefanyika Novemba, shamba limetoka kulimwa, udongo umetifuka, uzito wa ujazo ni 1.35. Sentimita 30 za udongo huo zina tani 4,050 kwa hekta. Awamu ya pili imefanyika Agosti miaka mitatu baadaye, ng'ombe wamelishwa mabua na kukanyaga wiki nzima, uzito wa ujazo ni 1.5. Sasa sentimita 30 zina tani 4,500. Kekee imeshuka kina kilekile kwa rula, lakini mara ya pili imeingia kwenye udongo wa chini ambao mara ya kwanza haikuufikia. Tani 450 hizo za ziada zikiwa na kaboni asilimia 0.4, ni tani 1.8 za kaboni. Ripoti itasema 25.2 imekuwa 27. Kwa hewa ukaa ni tani 6.6 kwa hekta, na zote zimetengenezwa na kwato. Hakuna hata unyasi mmoja ulioongezwa.

Dawa yake ni kulinganisha uzito uleule wa udongo badala ya kina kilekile. Tumia bomba la kuchimbia lenye kipenyo cha ndani kinachojulikana, tuseme sentimita 4, ambalo mdomo wake una eneo la sentimita za mraba 12.57. Kausha na upime kila tabaka lote, jumlisha kutoka juu kwenda chini. Ukifika gramu 565.5 umefika tani 4,500 kwa hekta, kina chochote kiwacho. Kwenye shamba lililotifuka utapata gramu 509 hadi sentimita 30, kwa hiyo unaongeza gramu 56.5 kutoka tabaka la 30–40 kwa asilimia yake ya kaboni. Hapo tani 25.2 zinaongezewa 1.8, unapata 27, na "faida" imefutika kama ilivyostahili. Usipochimba lile tabaka la nne, marekebisho haya hayafanyiki tena, kwa sababu udongo wa Novemba ile haupo.

Njia hii ina faida nyingine: ukipima uzito wa udongo laini tu, uliopita chekeche la milimita 2, changarawe inajitoa yenyewe. Luseni ya karibu na mwamba ina chembe nyingi za itale. Zikiwa asilimia 15 ya uzito na ukasahau kuzitoa, tani zako 27 halisi yake ni 23.

Maabara, kwa ufupi wake

Kausha sampuli za kemia kivulini, juu ya trei, mbali na jiko la mkaa na mbali na kuku. Toa mizizi kwa mkono, ponda kwa mchi wa mbao, chekecha kwa milimita 2. Kwa njia ya Walkley na Black, iliyotoka kituo cha utafiti wa kilimo cha Rothamsted, Uingereza, mwaka 1934 na ambayo bado ndiyo ya kawaida kwetu, saga tena sehemu yake hadi ipite chekeche la milimita 0.5.

Pima gramu 1 ya udongo (kwa luseni ni bora 2), weka mililita 10 za potasiamu daikromati ya nomali 1 (nomali ni kipimo cha nguvu ya myeyusho), kisha mililita 20 za asidi ya salfuriki kali, haraka, maana joto la mchanganyiko ndilo linalounguza kaboni. Tikisa dakika moja, acha dakika 30 juu ya ubao. Sakafu ya saruji inapoza chupa na kaboni inabaki bila kuungua. Ongeza maji mililita 200, asidi ya fosforiki mililita 10 na matone ya difenilamini. Sasa dondosha feras amoniamu salfeti ya nomali 0.5 kutoka kwenye bureti, mrija wenye alama za mililita. Rangi inatoka kahawia chafu, inaingia buluu ya wino, inakaa hapo kama haitaki kuondoka, kisha kwa tone moja inageuka kijani angavu. Asilimia ya kaboni ni tofauti ya mililita kati ya chupa tupu (yenye kemikali zote bila udongo) na chupa yenye udongo, mara nomali, mara 0.39, gawanya kwa gramu za udongo.

Tone lile la mwisho ni mililita 0.05. Kwa gramu 1 ya udongo ni kaboni karibu asilimia 0.01, na kwa tani 4,500 za udongo ni kama kilo 440 kwa hekta. Miaka minne ya 4 kwa 1000 iko ndani ya tone moja. Ukilipitiliza kwenye sampuli, shamba limepoteza. Ukilipitiliza kwenye chupa tupu, mashamba yote yaliyopimwa siku hiyo yameongeza. Kwa hiyo weka chupa tupu mbili au tatu kila kundi, na ile salfeti iangaliwe nguvu yake kila siku, kwani hewa inaimaliza taratibu hata ikikaa kwenye chupa iliyofungwa.

Namba 0.39 imebeba ndani yake kizidisho cha 1.3, kikidhani njia inaunguza asilimia 77 ya kaboni. Kwenye udongo wenye mkaa wa kuchoma mashamba inaunguza pungufu. Mashine ya kuunguza kwa joto kali haina tatizo hilo, ila inatumia miligramu chache tu za udongo, hivyo usagaji uwe laini kama unga wa dona uliopepetwa, na kwenye ibushi inahesabu hata kaboni ya chokaa. Dondosha asidi ya haidrokloriki ya asilimia 10: ikitoa povu, chokaa iondolewe kwanza. Usichanganye njia mbili kati ya awamu ya kwanza na ya pili, hata ukipewa kizidisho cha kubadilishia.

Na daikromati ni sumu. Isimwagwe kwenye sinki la jengo ambalo mfereji wake unaishia mto Mirongo na kutoka hapo ziwani. Ipunguzwe kwa feras salfeti hadi rangi ya chungwa iishe kabisa, ipandishwe kwa chokaa hadi tope la kijani litulie chini, na tope lile likabidhiwe kwa wenye kibali cha taka za kemikali.

Samadi imetoka wapi?

Uchambuzi wa majaribio mengi ya dunia uliochapishwa mwaka 2014 ulikuta kwamba kwa wastani asilimia 12 ya kaboni ya samadi inabaki udongoni baada ya miaka mingi ya kuitumia. Weka tani 5 za samadi kavu kwa hekta kila mwaka, yenye kaboni asilimia 20, umeweka tani 1 ya kaboni, zinabaki kama kilo 120. Hiyo ndiyo 4 kwa 1000 yetu, na imegharimu tani tano. Tena samadi ya zizi la udongo ina mchanga mwingi kuliko inavyoonekana. Unguza sampuli yake kwenye tanuru ya nyuzi 550 kwa saa nne, pima majivu yaliyobaki, utajua ulikuwa unabeba nini kwenye mkokoteni.

Swali gumu zaidi ni la uhasibu. Majani yaliliwa malishoni, yakalala zizini, yakaenda shambani. Kaboni ya shamba imepanda, ya malisho imeshuka. Kwa mkulima ni faida tupu, udongo unashika maji na pamba inasimama. Kwa hewa ya dunia inaweza kuwa ni kuhamisha tu kutoka mfuko huu kwenda ule. Mradi unaouza hewa ukaa unapaswa kupima na malisho, na mingi haipimi.

Kisiwa cha Ukara, upande wa Ukerewe, ndicho darasa letu. Mchanga wa itale, watu wengi, ardhi kidogo, na wamelima vizazi na vizazi bila kuiacha ipumzike: ng'ombe wanalishwa ndani, samadi inakusanywa kwenye shimo la zizi na kubebwa shambani, marejea, mmea wa jamii ya kunde, inapandwa katikati ya uwele na kufukiwa. Kazi yote hiyo inaushikilia udongo mahali ulipo. Si haki kumwuliza Mkara ameongeza tani ngapi, kwa sababu jasho lake linaonekana kwenye kisichopotea.

Ng'ambo ya ziwa, Kenya magharibi, majaribio ya muda mrefu ya CIAT (kituo cha kimataifa cha kilimo cha nchi za joto) yaliyoanza mwaka 2003 yalifikia jambo hilohilo kwa vipimo: hata palipowekwa samadi tani 4 kwa hekta na kurudisha mabaki, kaboni iliendelea kushuka kwa zaidi ya miaka kumi, ila taratibu kuliko palipoachwa bila kitu. Wakati huohuo mradi wa shirika la Vi Agroforestry wa Kisumu na Kitale ulipata hati zake za kwanza za kaboni mwaka 2014. Hesabu yake ilitegemea modeli ya RothC, inayokadiria kaboni ya udongo kwa kompyuta, pamoja na kumbukumbu za wakulima wanafanya nini, badala ya kuchimba kila shamba. Mambo haya mawili hayagombani ukiuliza "kuliko nini?". Kuliko shamba lisilotunzwa, faida ipo. Kuliko mwaka jana, huenda haipo. Mkulima anayetia saini mkataba aulize ni "kuliko" ipi inayolipwa.

Ukitaka kujua kama kaboni mpya itakaa, itenganishe. Gramu 10 za udongo kwenye myeyusho wa sodiamu heksametafosfati wa gramu 5 kwa lita, tikisa usiku kucha, pitisha kwenye chekeche la mikroni 53. Kinachobaki juu ni vipande vya mimea pamoja na mchanga. Kinachopita ni kaboni iliyoshikwa na mfinyanzi. Luseni ina mfinyanzi kidogo, kwa hiyo sehemu kubwa ya nyongeza itabaki juu ya chekeche, na hiyo ndiyo inayoliwa na vijidudu misimu michache tu baada ya samadi kukoma. Kwenye Hoosfield, shamba la majaribio la Rothamsted, kipande kilichowekwa samadi kuanzia 1852 hadi 1871 bado kilikuwa na kaboni zaidi ya jirani yake karne moja baadaye. Kule kuna baridi na udongo mzito. Usiinukuu Hoosfield kwenye mkutano wa kijiji Misungwi.

Kabati

Usitupe sampuli. Gramu 200 za kila tabaka, kavu, kwenye chupa ya kioo yenye kifuniko, kwa sababu panya hawaheshimu bahasha. Awamu ya pili ikifika, zitoe za zamani na uzipime pamoja na mpya, siku moja, bureti moja, mtu mmoja, zikiwa zimechanganywa bila yeye kujua ipi ni ipi. Tofauti kati ya fundi wa leo na fundi wa miaka kumi iliyopita inaisha hapo. Lebo ziwe mbili, moja nje na moja ndani ya chupa, zimeandikwa kwa penseli: kijiji, namba ya shimo, tabaka, tarehe, kipenyo cha bomba, uzito wote wa tabaka likiwa kavu, na umbali kutoka kwenye yale mawe mawili. Wino wa kalamu ya kawaida utafifia kabla ya mradi kuisha.